VITA VYA SERIKALI: TUVIPIME KWA KIPIMO CHA NANI?



Katika mkutano wa tawi uliopita palitokea mabishano ambayo hayakuwamo katika ajenda. Tulikuwa tumekwisha maliza habari ya ada na habari ya viatu vya kazini, na watu wengine walikwisha simama kwenda zao. Ndipo mwenzetu mmoja aliposema kwamba vita vya Serikali yetu katika Somalia vimekwisha na tumeshinda, kwa kuwa siku hizi Nairobi inalala usingizi. Mwingine, fundi wa mawe aliyepata kufanya kazi upande wa Mandera, akamjibu: “Kama tumeshinda, basi nipe nauli ya basi kesho asubuhi, nirudi kwenye machimbo.” Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aligonga meza, akasema jambo hili litaandikwa katika gazeti hili la chama, kila mtu alisome nyumbani kwake akiwa ametulia.

Sasa twaandika. Sisi si majenerali, wala hatujui siri za kambi. Lakini vita hivi vinalipwa kwa kodi ya wafanya kazi, vinapiganwa na watoto wa wafanya kazi, na waliouawa humu nchini kwa ajili yake wengi wao walikuwa wafanya kazi. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza kama kazi inaendelea vema au vibaya, kama tunavyomwuliza mwajiri yeyote hesabu zake.

Kwanza tukumbuke vita vilianza kwa sababu gani. Mwaka 2011, mwezi wa Septemba na Oktoba, watu wenye silaha waliteka wageni katika visiwa vya Lamu, na tarehe 13 Oktoba wakateka wanawake wawili Wahispania waliokuwa wakifanya kazi ya kusaidia wakimbizi pale Dadaab. Siku chache baadaye, tarehe 16 Oktoba, majeshi yetu yakavuka mpaka. Operesheni hiyo ikaitwa Linda Nchi. Tuliambiwa shabaha yake: kuwafukuza Al-Shabaab mbali na mpaka, kuwalinda watu wetu na biashara yetu, hasa utalii. Lishikeni jina hilo, Linda Nchi. Serikali yenyewe ndiyo iliyolichagua, na mtu akichagua mwenyewe kipimo cha kupimia kazi yake, hawezi kunung'unika akipimwa nacho.

Habari za mwanzo zilikuwa za furaha. Msemaji wa jeshi alikuwa akitoa matangazo kwa Twitter, akitaja miji itakayopigwa, na hata akaonya kwamba kundi kubwa la punda wenye mizigo litahesabiwa kuwa ni la adui. Wengi wetu tuliwahurumia wale punda. Kisha mvua ikanyesha, magari yakakwama katika matope, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya majuma machache ikawa ya miezi. Hata hivyo hatutaki kudanganya: mwisho wa Septemba 2012 majeshi yetu yaliingia Kismayu, na Al-Shabaab wakapoteza bandari iliyokuwa ikiwapa fedha nyingi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Askari walioshuka pwani usiku ule walifanya kazi yao, na mtu asiyetaka kukiri hilo hatendi haki.

Lakini baada ya hapo hesabu zikaanza kutuchanganya. Kila mara tulisomewa idadi ya maadui waliouawa: leo 30, kesho 50, juma lijalo 100. Nani alikwenda kuhesabu? Tarehe 27 Januari 2017 kambi yetu ya Kulbiyow ilishambuliwa. Jeshi lilisema askari wetu 9 wamekufa na maadui 70. Al-Shabaab nao walisema wameua askari wetu zaidi ya 50. Sisi hatuwaamini Al-Shabaab, maana kazi yao ni kuua na kusema uongo. Lakini mwananchi aliyeachwa katikati ya hesabu mbili namna hii, bila majina na bila orodha, hana njia ya kujua kama siku ile ilikuwa ya ushindi au ya msiba.

Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ilivunjwa alfajiri, na miili ikarudishwa kwa ndege. Wazazi walingoja idadi. Juma likapita, mwezi ukapita. Idadi tuliyopata kuisikia ilitoka kwa Rais wa nchi ya jirani, Bwana Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, aliyesema kwamba walikufa kama 180 au karibu na 200. Serikali yetu ikakasirika, ikasema si kweli. Haya, na kweli ni ipi? Watu wengine hutuambia kwamba idadi ya askari waliokufa ni siri ya vita, isije ikamfaa adui. Hebu fikirini, ndugu. Adui aliyeingia kambini na kupiga picha za sinema anajua alichofanya. Siri hiyo anafichwa mama aliye Kitale au Machakos, wala si adui.

Sisi wazee wa chama hatushangai sana, kwa kuwa tumesoma hesabu za namna hii katika historia ya chama cha wafanya kazi wenyewe. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Serikali ya Kiingereza ilikuwa hodari sana wa kuhesabu. Kwa hesabu yake yenyewe iliua zaidi ya watu 11,000 iliowaita magaidi. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na jeshi likatolewa misituni. Ukiangalia karatasi za hesabu, Waingereza walishinda kabisa kabisa. Lakini miaka saba baadaye, Desemba 1963, bendera yao iliteremshwa. Na mwaka 2013 Serikali yao ililipa pauni milioni 19.9 kwa wazee wetu 5,228 kwa ajili ya mateso ya siku zile. Mshindi gani huyu anayemlipa aliyemshinda?

Tena kumbukeni Hola. Mwezi wa Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa kwa sababu ya kukataa kulazimishwa kazi. Taarifa ya kwanza ya Serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Hatusemi kwamba Serikali ya leo ni sawa na ile ya mkoloni. Hatukuichagua ile, na hii tumeichagua. Twasema tu kwamba taarifa ya Serikali inayopigana vita huandikwa na mtu mwenye haja ya kusifiwa, ndiyo sababu haifai kuwa kipimo peke yake.

Basi kipimo chetu ni kipi? Twakisema waziwazi: je, mfanya kazi aweza kwenda kazini kwake na kurudi? Hiyo ndiyo maana ya kulinda nchi kwa mtu anayeishi kwa mshahara.

Hapo sasa tuangalie. Tarehe 21 Septemba 2013 Al-Shabaab waliingia Westgate, Nairobi. Watu 67 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa kazini Jumamosi ile wakiuza na kuhudumia wateja. Juni 2014 waliingia Mpeketoni usiku, wakaua watu kwa makumi, na Serikali ikatuambia kwamba hao si Al-Shabaab bali ni njama za wanasiasa wa mahali pale. Wenyewe Al-Shabaab walisema ni sisi. Serikali isiyokubaliana na adui wake juu ya nani aliyeipiga ina kazi ngumu ya kutuambia kwamba inamshinda.

Kisha ikaja Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likielekea Nairobi lilisimamishwa alfajiri. Ndani yake walikuwamo walimu wengi waliofunga shule na kwenda makwao kwa likizo ya Krismasi. Abiria 28 waliuawa baada ya kutengwa kwa dini. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wavunja mawe waliamshwa katika mahema yao kwenye machimbo karibu na mji wa Mandera, na 36 wakauawa. Wengi walikuwa watu waliotoka mbali kutafuta kibarua. Siku hiyo hiyo mkuu wa polisi alijiuzulu na Waziri akabadilishwa. Lakini mwezi wa Julai 2015 wavunja mawe wengine 14 wakauawa huko huko Mandera, usiku vile vile, wakiwa wamelala vile vile. Waziri alikuwa mpya. Mahali pa kulala pa mvunja mawe palikuwa pale pale.

Katikati ya hayo ilikuwa Garissa, tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148, karibu wote wanafunzi wa chuo kikuu, yaani watoto ambao wazazi wao waliuza ng'ombe na kukopa katika vyama vya akiba ili wapate elimu. Shambulio lilianza kabla jua halijachomoza, na kikosi maalum cha kutoka Nairobi kilifika wakati wa mchana. Kama moto ukiwaka katika karakana saa kumi na moja na nusu alfajiri na gari la zima moto likaja baada ya chakula cha mchana, hakuna atakayesema zima moto imefaulu, hata kama mwishoni moto ulizimika.

Twataka sasa mtazame jambo la walimu, kwa sababu ndilo linaloonyesha ukweli kuliko ramani yoyote ya jeshi. Baada ya basi la Mandera, vyama vya walimu na cha madaktari viliwaambia wanachama wao waondoke Kaskazini Mashariki mpaka usalama upatikane. Mwanzoni mwa 2015 walimu walikaa nje ya ofisi ya Tume ya kuwaajiri, Nairobi, siku baada ya siku, wakiomba uhamisho. Waliambiwa ni watoro, na kwamba wanaiacha nchi. Wengine walitishwa kwamba kazi zao zitapewa watu wengine. Ndugu, hivi ndivyo tulivyozoea: hatari ikizidi, mwoga ni mfanya kazi. Halafu Februari 2018 walimu waliuawa katika Wajir, na tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa pale Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo Tume yenyewe ikaanza kuwaondoa walimu wasio wenyeji. Yale yaliyoitwa utoro mwaka 2015, mwaka 2020 yakawa amri ya ofisi.

Na watoto wa Garissa, Wajir na Mandera? Wao ni Wakenya. Shule zilifungwa, au zikabaki na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu. Adui hakuhitaji kuteka wilaya hata moja. Alihitaji tu kumfanya mwalimu asipande basi. Kwa kipimo chetu, hapo ndipo vita viliposhindikana zaidi, wala si katika kambi za ng'ambo ya mpaka.

Kuna alama nyingine ya vita visivyokwenda vizuri, nayo ni Serikali kuwageukia watu wake. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawakamata watu zaidi ya 20,000 na kuwapeleka Langata, Manyani na Mackinnon Road. Wanachama wa vyama vya wafanya kazi na viongozi wao walikombwa humo. Kosa lilikuwa kabila. Basi, miaka 60 baadaye, Aprili ile ile ya 2014, polisi waliingia Eastleigh katika Operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya Wasomali, wakimbizi na wananchi wenye vitambulisho, walikamatwa, wengine wakawekwa katika uwanja wa Kasarani. Wapo wanachama wetu waliofurahi wakati ule, na tuliwasikia. Tuliwauliza: mwaka 1954 ungesimama upande gani wa waya? Na haikuzuia neno. Mpeketoni ilikuwa miezi miwili baadaye.

Twataka kuwakumbusha basi jingine, la Desemba 2015, njia hiyo hiyo ya Mandera. Al-Shabaab walilisimamisha, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Walisema mkituua, tuueni wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, naye akafa hospitali Nairobi mwezi uliofuata. Serikali ilimpa nishani baada ya kufa, na ilistahili. Lakini angalieni hesabu: basi la 2014 walikufa 28, hili la 2015 walikufa wawili siku ile, na mwalimu akawafuata. Bunduki za adui zilikuwa zile zile. Sisi hatukuona operesheni yoyote iliyopunguza vifo katika njia ile kama walivyofanya abiria wale wasio na silaha, wakiwamo watu wa kabila lile lile lililokuwa limefungiwa Kasarani.

Na fedha je? Jeshi letu liliingia katika majeshi ya Umoja wa Afrika mwaka 2012, na fedha za posho ya askari zikawa zinatoka Ulaya: dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, kabla serikali ya nchi yake haijakata sehemu yake. Mwaka 2016 watu wa Ulaya wakapunguza mchango wao kwa asilimia 20. Askari hawana chama, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa nao waliandika kwamba makaa yaliendelea kupakiwa melini Kismayu ijapokuwa yalikwisha pigwa marufuku Februari 2012, na kwamba Al-Shabaab bado walipata ushuru katika biashara hiyo. Jeshi letu lilikana kuhusika. Tena ule ukuta wa mpakani, wa kilomita 700, uliotangazwa mwaka 2015: Wabunge walipoangalia mwaka 2019 waliona waya wa kilomita 10 hivi kwa shilingi zaidi ya bilioni 3, wakasema kazi isimame. Fundi yeyote wa waya katika chama chetu angewapa bei nzuri kuliko hiyo.

Mwenzetu wa kwanza atasema tunaona ubaya tu. La. Twakubali kwamba tangu shambulio la DusitD2, Januari 2019, lililoua watu 21, Nairobi ilikaa miaka mingi bila msiba wa namna ile, na siku ile askari walifika upesi, wakawatoa watu zaidi ya 700 wakiwa hai. Walijifunza kwa Westgate na Garissa. Mhudumu wa hoteli na mlinzi wa mlango wa Nairobi ana salama kuliko alivyokuwa mwaka 2013, nasi hatutamnyima Serikali sifa hiyo. Lakini mwezi wa Mei 2023 Kenya na Somalia zilikubaliana kufungua mpaka kidogo kidogo, kuanzia Mandera, na mwezi wa Julai Waziri akaahirisha kwa sababu mashambulio yameongezeka. Hiyo ilikuwa miaka karibu 12 baada ya kuvuka mpaka huo kwenda kuulinda. Majina ya majeshi ya Umoja wa Afrika yamebadilika mara mbili, 2022 na tena 2025. Sababu ya kuwapo kwake haijabadilika.

Kwa hiyo jibu letu kwa wenzetu wawili ni hili. Serikali imefaulu kuulinda mji, haijafaulu kulinda nchi. Aliyesema tumeshinda alikuwa akitazama dirishani kwake. Yule fundi wa mawe alikuwa akitazama njia ya basi, na ile operesheni iliitwa Linda Nchi, haikuitwa Linda Nairobi. Hatusemi jeshi lirudi kesho; katika chama chetu wapo wanaotaka hivyo na wapo wasiotaka, na mkutano mkuu haujaamua. Twasema kwamba Serikali itoe majina ya askari waliokufa tangu 2011, kambi kwa kambi, na isitusomee tena idadi ya maadui kama kwamba ni mabao ya mpira.

Sasa yaliyo kazi yetu wenyewe. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akifa kwa ajali ya kazini, watu wake walipwe mshahara wa miezi 96. Je, mvunja mawe aliyeuawa amelala katika hema la mwajiri wake, mahali alipolazwa na kazi, alikufa kazini au hakufa kazini? Waajiri wa machimbo hupenda kujibu kwamba walikuwa vibarua tu, wasio na barua ya kuandikwa. Chama kinasema walikufa kazini. Tumeamua kulifuata jambo hili kwa wakili.

Kila tawi lenye mwanachama, au mjane au yatima wa mwanachama, aliyeumizwa au kuuawa akiwa kazini katika Garissa, Wajir, Mandera, Lamu au Tana River tangu Oktoba 2011, lilete jina, mahali pa kazi, na karatasi yoyote ya malipo iliyopo, hata kama ni daftari la kibarua lililochanika. Kama hakuna karatasi, aje shahidi aliyefanya kazi naye. Ofisi inafunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi mpaka saa sita. Yule fundi wa mawe aliyesema katika mkutano amekubali kukaa mezani siku za Jumamosi kuandika maelezo, kwa kuwa anawajua wengi wa watu wale kwa majina.